Uzazi wa Mpango kwa Wanawake Wanaotumia Dawa za Kifafa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuchagua Njia

Mwanamke anayetumia dawa za kifafa anaweza kupanga uzazi kama mwanamke mwingine yeyote, lakini si kila njia ya homoni itamkinga kwa kiwango kilekile. Baadhi ya dawa za kifafa zinazotumika kwa wingi nchini hupunguza nguvu ya vidonge vya majira, na mtumiaji anaweza kushika mimba hata kama hajasahau kidonge hata siku moja. Kwa sababu hiyo, kila mwanamke anayetibiwa kifafa anashauriwa kumtajia mtoa huduma jina la kila dawa anayotumia kabla ya kuchagua njia ya uzazi wa mpango.

Ushauri huo ni mwepesi kuutamka, lakini utekelezaji wake una kikwazo. Mara nyingi huduma hizi mbili hutolewa katika vyumba viwili tofauti. Dawa za kifafa hutolewa kliniki ya magonjwa ya akili au ya magonjwa ya ndani, na huduma za uzazi wa mpango hutolewa katika kitengo cha afya ya uzazi na mtoto. Mkazi wa Mabawa, jijini Tanga, anaweza kuchukua dawa za kifafa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, akachoma sindano ya uzazi wa mpango katika kituo kilicho karibu na nyumbani, na mwezi mwingine akanunua vidonge kwenye duka la dawa huko Ngamiani. Iwapo yeye mwenyewe hatasema, hakuna hata mmoja kati ya watoa huduma hao atakayejua mwenzake ametoa nini.

Kinachotokea mwilini

Homoni zilizomo kwenye vidonge, vipandikizi na sindano husafiri kwenye damu na kupita katika ini. Ini lina vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuzivunja dawa na kuziondoa mwilini. Baadhi ya dawa za kifafa hulichochea ini kutengeneza vimeng'enya vingi zaidi ya kawaida. Ini likichochewa hivyo, homoni huvunjwa upesi, kiwango chake katika damu hushuka, na kinga dhidi ya mimba hupungua. Kwa dawa kama kabamazepini na fenitoini, kiwango cha homoni ya estrojeni kutoka kwenye kidonge kinaweza kushuka hadi kukaribia nusu.

Mtumiaji hawezi kuyahisi mabadiliko hayo. Pengine ataona matone ya damu katikati ya mwezi, dalili inayoweza kuonyesha kuwa homoni imepungua, lakini wengine hawaoni dalili yoyote. Kuzingatia saa ya kumeza kidonge hakuondoi tatizo hili, kwa kuwa chanzo chake si uzembe wa mtumiaji.

Hali hiyo haimaliziki siku mtu anapoacha dawa. Ini huhitaji muda kurudi katika mwendo wake wa kawaida, na wataalamu huhesabu wiki 4 baada ya dozi ya mwisho kuwa ni kipindi ambacho kinga ya homoni bado inaweza kuwa pungufu.

Dawa zinazopunguza nguvu ya homoni na zisizopunguza

Dawa za kifafa zinazochochea vimeng'enya vya ini ni pamoja na fenobabitali, fenitoini, kabamazepini, primidoni na okskabazepini. Topirameti nayo huingia katika kundi hili, hasa inapotumika kwa dozi kubwa ya miligramu 200 au zaidi kwa siku.

Fenobabitali inastahili kutajwa kipekee. Uwezo wake wa kuzuia kifafa uligunduliwa mwaka 1912 na daktari Mjerumani Alfred Hauptmann, na hadi leo imebaki kuwa miongoni mwa dawa za kifafa zenye bei nafuu zaidi duniani. Nchini Tanzania ina historia ndefu. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, mkoani Morogoro, na fenobabitali ikawa nguzo ya matibabu kwa watu ambao kabla ya hapo walitengwa na jamii yao. Unafuu huo wa bei ndio unaofanya suala hili kuwa kubwa zaidi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa duniani, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi hizo.

Dawa zisizopunguza nguvu ya homoni za uzazi wa mpango ni pamoja na valproeti, levetirasetamu na gabapentini. Lamotrijini nayo haivunji kinga ya vidonge kwa kiwango kinacholingana na kundi la kwanza, lakini ina tahadhari yake, itakayoelezwa mbele.

Njia moja baada ya nyingine

Shirika la Afya Duniani hupanga njia za uzazi wa mpango katika madaraja manne kulingana na hali ya kiafya ya mtumiaji. Daraja la 1 ni njia isiyo na kizuizi; la 2 ni njia ambayo faida zake kwa kawaida huzidi hasara; la 3 ni njia ambayo hasara kwa kawaida huzidi faida; na la 4 ni njia isiyofaa kutumika. Kwa mwanamke anayetumia fenobabitali, fenitoini, kabamazepini au dawa nyingine za kundi hilo, mpangilio uko kama ifuatavyo.

Vidonge vya majira, vyenye homoni mbili au moja, viko daraja la 3. Kilichoviweka hapo ni uwezekano wa kushindwa kuzuia mimba. Havimdhuru mtumiaji kwa kuchanganyika na dawa. Vibandiko vya ngozi na pete za ukeni zenye homoni mbili nazo ziko daraja hilohilo. Mwanamke asiongeze idadi ya vidonge kwa uamuzi wake mwenyewe akidhani atafidia upungufu huo. Kama hakuna njia nyingine inayomfaa, daktari ndiye atakayepanga aina na kiasi cha vidonge, na kumshauri kutumia kondomu pamoja navyo.

Vipandikizi, ambavyo wengi huviita vijiti, viko daraja la 2. Katika hali ya kawaida hii ni miongoni mwa njia zenye uhakika mkubwa kuliko zote, kwani mimba hutokea kwa mwanamke mmoja tu kati ya 1,000 katika mwaka mmoja. Hata hivyo, kipandikizi hutoa homoni kidogo kidogo, na ini lililochochewa linaweza kuishusha chini ya kiwango kinachohitajika. Ndiyo maana baadhi ya nchi, Uingereza ikiwemo, hushauri mtumiaji wa dawa hizo achague njia nyingine. Suala hili lina uzito wa pekee nchini, kwa kuwa kwa mujibu wa Utafiti wa Hali ya Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, vipandikizi ndivyo vinavyoongoza miongoni mwa njia za kisasa zinazotumiwa na wanawake walio katika ndoa, vikifuatiwa na sindano.

Ushahidi wa jinsi vipandikizi vinavyoweza kuathiriwa umepatikana pia Afrika Mashariki, ingawa ni kwa dawa za ugonjwa mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet HIV ulipitia kumbukumbu za wanawake zaidi ya 24,000 wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya. Ulibaini kuwa waliotumia vipandikizi pamoja na efavirenzi, dawa inayochochea vimeng'enya vya ini kama zifanyavyo baadhi ya dawa za kifafa, walipata mimba takribani mara tatu zaidi ya waliotumia vipandikizi pamoja na nevirapini. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa, pamoja na upungufu huo, vipandikizi viliendelea kuzuia mimba vizuri kuliko njia nyingi za muda mfupi. Kwa hiyo mwanamke mwenye kifafa ambaye tayari ana kipandikizi asikimbilie kukitoa. Aende kituoni aelezwe kiwango cha kinga kilichobaki, atumie kondomu kwa wakati huo, kisha aamue akiwa na taarifa kamili.

Sindano ya miezi mitatu, inayofahamika kwa jina la Depo-Provera, iko daraja la 1. Dozi yake ni kubwa kiasi kwamba dawa za kifafa haziipunguzi kwa kiwango cha kuhatarisha kinga, na hakuna haja ya kuichoma mapema kuliko tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Yapo mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni mifupa: sindano hii hupunguza uzito wa mifupa inapotumika kwa muda mrefu, na fenobabitali, fenitoini na kabamazepini nazo huathiri mifupa, hivyo mtumiaji wa vyote viwili azungumze na daktari kila baada ya muda fulani. La pili ni kuchelewa kwa uwezo wa kushika mimba, ambao unaweza kuchukua miezi kadhaa kurejea baada ya sindano ya mwisho. Anayetaka kuzaa karibuni alizingatie hilo.

Kitanzi cha shaba, au lupu, kiko daraja la 1. Hakina homoni, kwa hiyo ini halina cha kuvunja. Aina inayotumika sana hudumu kwa miaka 10 hadi 12, na mwanamke anaweza kushika mimba mara kinapotolewa. Kinaweza kuongeza wingi wa damu ya hedhi, hasa miezi ya mwanzo. Kitanzi chenye homoni nacho kiko daraja la 1, kwa sababu homoni yake hufanya kazi ndani ya mji wa mimba kwenyewe na haitegemei sana kiwango kilichomo katika damu.

Kondomu haiathiriwi na dawa yoyote ya kifafa, na ndiyo njia pekee kati ya zilizotajwa inayokinga pia VVU na magonjwa mengine ya ngono. Kufunga kizazi, kwa mwanamke au kwa mwanamume, nako hakuathiriwi, na kunawafaa waliotosheka na idadi ya watoto waliyonayo.

Vidonge vya dharura

Vidonge vya dharura vyenye levonojestreli, ambavyo kwa kawaida humezwa kwa kiasi cha miligramu 1.5 ndani ya siku 3, navyo huvunjwa upesi na ini lililochochewa. Tangu mwaka 2016 mamlaka ya udhibiti wa dawa ya Uingereza inaelekeza kuwa mwanamke aliyetumia dawa za kundi hilo ndani ya wiki 4 zilizopita apewe dozi maradufu, yaani miligramu 3, iwapo hawezi kuwekewa kitanzi cha shaba. Kitanzi hicho kikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya tendo lisilo na kinga, ndicho chenye uhakika zaidi, na hubaki kuwa kinga ya miaka ijayo. Anayenunua vidonge vya dharura katika duka la dawa anapaswa kumweleza muuzaji kuwa anatumia dawa za kifafa na, inapowezekana, kufika kituo cha afya siku hiyohiyo.

Lamotrijini: athari inayokwenda upande wa pili

Kwa dawa nyingi za kifafa, hofu ni kwamba dawa itaidhoofisha kinga ya mimba. Kwa lamotrijini hali hugeuka, kwani kinga ya mimba ndiyo inayoidhoofisha dawa. Vidonge vyenye estrojeni vinaweza kushusha kiwango cha lamotrijini katika damu hadi karibu nusu, na mwanamke aliyekuwa ametulia kwa muda mrefu akaanza kuanguka tena. Katika wiki ya kupumzika vidonge, kiwango cha dawa hupanda na kinaweza kuleta kizunguzungu au kuona vitu viwiliviwili. Kwa sababu hiyo, vidonge vyenye estrojeni viko daraja la 3 kwa mtumiaji wa lamotrijini peke yake, ilhali sindano, vipandikizi, vidonge vyenye homoni moja na vitanzi viko daraja la 1. Kuanza au kuacha vidonge vyenye estrojeni kufanyike baada ya daktari kupanga upya dozi ya lamotrijini.

Kwa nini mimba isiyopangwa ina uzito zaidi

Wanawake wengi wenye kifafa hujifungua watoto wenye afya njema. Hata hivyo, baadhi ya dawa zina hatari kwa mtoto aliye tumboni, na sehemu kubwa ya madhara hutokea katika wiki za kwanza, kabla ya mama kujua kuwa ni mjamzito. Ndiyo maana kupanga ni sehemu ya tiba.

Dawa yenye hatari kubwa zaidi ni valproeti. Takribani mtoto 1 kati ya 10 waliopitia valproeti tumboni huzaliwa na kasoro ya maumbile, ikiwemo mgongo wazi, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili, ya kuzungumza au ya kujifunza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kuwa dawa hiyo isitumiwe kwa wasichana na wanawake wenye uwezo wa kuzaa. Pale inapobaki kuwa dawa pekee inayomfaa mgonjwa, kinga madhubuti ya mimba ni ya lazima. Valproeti haipunguzi nguvu ya njia yoyote ya homoni, hivyo mtumiaji wake ana nafasi pana ya kuchagua. Fenobabitali na topirameti nazo huongeza uwezekano wa kasoro za kuzaliwa. Lamotrijini na levetirasetamu ndizo zenye rekodi nzuri zaidi kwa usalama wa mimba.

Mwanamke anayetaka kushika mimba anashauriwa kumwona daktari miezi kadhaa kabla, ili dawa iweze kubadilishwa au dozi kupunguzwa taratibu, na aanze kumeza foliki asidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wanawake wenye kifafa hutaja miligramu 5 kwa siku. Aliyekwisha kushika mimba bila kupanga asiache dawa ghafla. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, hali inayoweza kuua mama na mtoto. La kufanya ni kuwahi kliniki.

Aibu inayoficha taarifa

Kikwazo kikubwa cha ushauri huu ni ukimya unaouzunguka ugonjwa wa kifafa. Katika maeneo mengi ya nchi, ukanda wa pwani ukiwemo, kifafa bado huhusishwa na majini au laana, na familia humficha binti mgonjwa ili asikose mchumba. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 39, inataja kifafa cha kujirudia miongoni mwa hali zinazoweza kuifanya ndoa ibatilike mahakamani. Mwanamke aliyeolewa bila ugonjwa wake kujulikana anaweza kuogopa kuutaja hata kwa muuguzi, hasa anapoketi foleni moja na majirani.

Anayekaa kimya kliniki hupewa njia inayowafaa wanawake wengi, na pengine yeye haimfai. Mtoa huduma anawajibika kutunza siri ya mteja, na mteja ana haki ya kuomba kuzungumza naye faraghani. Asiyeweza kulitamka jina la ugonjwa anaweza kuonyesha pakiti ya dawa au kadi ya kliniki. Kwa upande wao, watoa huduma wasisubiri kuambiwa. Swali la "unatumia dawa gani nyingine?" linapaswa kuulizwa kwa kila mteja, kwani dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini na baadhi ya dawa za VVU nazo huchochea vimeng'enya vya ini kwa namna hiyohiyo.

Mambo ya kufanya unapokwenda kliniki

Mwanamke mwenye kifafa anayekwenda kuchagua au kubadili njia ya uzazi wa mpango anakumbushwa yafuatayo:

1. Abebe dawa zote anazotumia, zikiwa katika pakiti zake, pamoja na kadi za kliniki zote mbili.
2. Amuulize mtoa huduma: "Je, dawa hii inapunguza nguvu ya njia hii? Na njia hii, je, inapunguza nguvu ya dawa yangu?"
3. Aeleze kama anatarajia kuzaa ndani ya mwaka au miaka miwili ijayo.
4. Arudi kuuliza tena kila dawa ya kifafa inapobadilishwa au dozi yake inapoongezwa, kwa kuwa njia iliyofaa jana inaweza isifae leo.
5. Asiache dawa ya kifafa ili kuilinda njia ya uzazi wa mpango. Kinachobadilishwa kwanza ni njia, na dawa hubadilishwa na daktari pekee.
6. Atumie kondomu katika kipindi chote cha mabadiliko, na kwa wiki 4 baada ya kuacha dawa inayochochea vimeng'enya.

Huduma za uzazi wa mpango hutolewa bila malipo katika vituo vya Serikali. Wakazi wa Mabawa na kata nyingine za Jiji la Tanga wanaweza kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nao, na pale suala linapohitaji daktari bingwa, kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bombo. Wananchi wote wanaweza pia kupiga simu bila malipo kwa namba 199 ya kituo cha mawasiliano cha Wizara ya Afya ili kupata maelezo.